Simon Kimbangu, aliyeomba bila kusimamiwa

Tukipita vijijini hapa Walikale kuandika majina ya waliorudi, swali moja halikosi: kanisa liliungua, katekista hakurudi, sasa nani atatufundisha? Ndiyo maana mara hii tunawasimulia habari za Simon Kimbangu.

Alizaliwa Nkamba, Kongo ya Chini, mwaka 1887. Dini aliipata kwa wamisionari Wabatisti wa Uingereza, wakambatiza mwaka 1915. Alishika alichofundishwa, na yeye akafundisha wengine. Hadi hapo hana tofauti na sisi wengi. Lakini watu wake wanasimulia kwamba mwaka 1918 alianza kusikia wito, akaukataa. Alijiona hakusoma vya kutosha, na wachungaji wenye elimu si walikuwepo? Akakimbilia Kinshasa kutafuta kibarua. Kumbe wito ulimfuata huko huko. Akarudi kijijini.

Tarehe 6 Aprili 1921 aliingia kwa mama mmoja mgonjwa, akamwekea mikono, akaomba. Mama, wanasema, akapona. Watu wakajaa Nkamba. Aliwaambia watupe hirizi, waache kuoa wake wengi, waombe Mungu wao wenyewe. Silaha hakuwa nayo. Serikali ya Wabelgiji iliogopa tu mtu mweusi anayeomba bila mzungu kumsimamia. Septemba alijitoa mwenyewe. Tarehe 3 Oktoba korti ya kijeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ikamkatia fimbo 120 na kifo, bila mwanasheria. Mfalme Albert akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Akafungwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akafia gerezani tarehe 12 Oktoba 1951.

Miaka 30, kwa kazi isiyofika hata miezi sita!

Kinachotugusa zaidi ni watu wake. Serikali iliwang'oa kwao, ikawatawanya Kongo nzima. Wengine walifikishwa Lowa, kule mto huu wetu wa Lowa unapoingia Lualaba. Hapakuwa na mchungaji wala kanisa. Kila mtu alibaki na kile alichokuwa nacho moyoni, wakawa wanaomba kwa siri. Kule nyumbani mke wake, Marie Muilu, mama wa watoto watatu, alifanya vilevile. Tuseme ukweli, baadaye wako waliomtegemea Kimbangu kupita kiasi, na hilo sisi halitukai vizuri. Lakini kule uhamishoni hakuwepo wa kutegemewa, na bado imani haikuzimika.

Desemba 1959 kanisa lao likatambuliwa na serikali. Waliofukuzwa walianza kurudi, wengine wakiwa wazee, wengine wakiwa vijana waliozaliwa uhamishoni, hawajawahi kuiona Nkamba. Aprili 1960 jeneza la Kimbangu nalo likatolewa Lubumbashi, likapelekwa nyumbani.