Walter Brattain: Mwanafizikia aliyeifanya transista ikuze sauti

WALTER Brattain alizaliwa mwaka wa 1902 mjini Xiamen, Uchina, ambako babake alikuwa mwalimu, akalelewa katika jimbo la Washington, Marekani. Alijiunga na maabara ya kampuni ya Bell mwaka wa 1929.

Desemba 16, 1947, akishirikiana na John Bardeen, alibandika bamba jembamba la dhahabu kwenye plastiki ya pembe tatu, akalichana kwa wembe na kuzigandamiza ncha zake mbili juu ya jemaniamu. Ncha ya kwanza ilihitaji umeme chanya kidogo, nayo ya pili umeme hasi wenye nguvu zaidi. Hapo ndipo ishara dhaifu ilipoingia upande mmoja na kutoka upande wa pili ikiwa imekuzwa. Wiki moja baadaye, wakuu wa maabara walisikia sauti ya mtu ikikuzwa na kifaa hicho.

Hadi leo, fundi anayejiundia amplifaya hufuata kanuni iyo hiyo. Kabla ya kuingiza muziki, huipa transista mkondo mdogo wa umeme na kuurekebisha taratibu. Ukipungua, sauti hukwaruza. Ukizidi, transista huchemka, hata ikaungua.

Uhusiano wake na mkuu wao, William Shockley, ulidorora, naye akaomba kuhamishwa. Hata hivyo, watatu hao walituzwa Nobel ya Fizikia mwaka wa 1956.

Brattain alifurahi kwamba redio za transista ziliwafikia maskini, ila alijutia kelele za muziki wa roki. Alifariki mwaka wa 1987, akiwa na umri wa miaka 85.