Maisha ya Mama Eliza Thompson, Aliyewaongoza Wanawake Kuipinga Biashara ya Pombe

Katika mwaka wa jubilei yafaa tuwakumbuke si wahubiri na walimu tu, bali na wale waliomtumikia Mungu katika kazi za nyumbani. Kwa hiyo twaleta hapa habari za mama mmoja wa nchi ya mbali. Mambo aliyoyatenda yatuhusu sana sisi wa Kichiwa, na wote wakaao kati ya Njombe na Makambako, maana twajua jinsi ulanzi na komoni vilivyozivunja nyumba nyingi.

Eliza Trimble alizaliwa tarehe 24 Agosti 1816 huko Hillsboro, mji mdogo wa jimbo la Ohio katika Marekani, uliozungukwa na mashamba. Baba yake, Allen Trimble, alipata kuwa gavana wa jimbo lile, naye alikuwa adui wa ulevi. Mwaka 1836 alikwenda Saratoga penye mkutano mkuu wa watu waliopinga vileo, akafuatana na binti yake. Baadaye Eliza aliolewa na James Thompson, mwanasheria aliyekuja kuwa jaji, wakajaliwa watoto wanane.

Nyumba ile ilikuwa na heshima na mali. Walakini pombe haiogopi heshima ya mtu. Mwana mmoja wa Mama Thompson alishikwa na ulevi, akafa kabla ya mama yake. Msiba huo aliuchukua moyoni miaka mingi, akimtumikia Mungu kwa utulivu, wala hakuna aliyedhani kwamba atakuwa kiongozi.

Mwezi wa Desemba 1873 alifika Hillsboro tabibu mmoja jina lake Dio Lewis, akahutubia watu usiku. Akawaeleza jinsi mama yake mzazi, ambaye mumewe alikuwa mlevi, alivyokwenda zamani pamoja na wenzake kuwasihi wauza pombe na kuwaombea. Kisha akawauliza wanawake kama wako tayari kufanya vivyo hivyo. Wengi wakasimama. Mama Thompson hakuwapo, lakini alichaguliwa. Na kijana wake aliporudi nyumbani alimpasha habari. Mumewe aliposikia aliona ni upuuzi. Asubuhi binti yake akamletea Biblia, akamwonyesha Zaburi ya 146, ambayo yamsifu Mungu mtetezi wa yatima na wajane. Basi mama akajua imempasa kwenda.

Siku ile ilikuwa mkesha wa Noeli. Wanawake walikusanyika katika kanisa la Presbiteri, wakamweka awe mbele yao. Akatetemeka, asiweze kunena neno, hata wanaume walipotoka nje. Ndipo akasoma zaburi ile, wakaomba, wakatoka wawili wawili wakiimba, wanawake zaidi ya sabini. Walianza na maduka ya dawa, maana huko nako vileo viliuzwa, wakaendelea na hoteli na vilabu. Hawakuvunja chupa wala kumtukana mtu. Walimsihi mwenye duka atie sahihi katika hati ya ahadi ya kuacha kuuza. Na akikataa, walipiga magoti palepale wakamwombea, na kesho yake wakarudi. Ikumbukwe kwamba wakati ule wanawake wa Ohio hawakuwa na kura, wala hawakuwa na sauti katika kutunga sheria za vileo. Silaha yao ilikuwa kwenda pamoja, na kutochoka.

Wengine walikubali, wengine walikataa. Mwenye duka la dawa mmoja, jina lake Dunn, alipoona wanawake wamejenga kibanda cha kuombea mbele ya duka lake, aliwashtaki, akapata amri ya mahakama ya kuwazuia. Lakini moto ulikwisha kuenea. Katika Washington Court House, mji wa jirani, vilabu vyote vilifungwa kwa muda wa siku chache, na kabla ya masika kwisha wanawake wa miji mingi walikuwa wakifanya vivyo hivyo.

Haifai tufiche lililofuata. Vilabu vingi vilifunguliwa tena mwaka uleule wa 1874. Ndipo wanawake wakatambua kwamba bidii ya siku chache haitoshi, yafaa umoja wenye utaratibu. Novemba 1874 walikutana Cleveland wakaanzisha Umoja wa Wanawake Wakristo wa kupinga vileo, na umoja huo ulienea nchi nyingi, hata Afrika ya Kusini. Mama Thompson alifariki tarehe 3 Novemba 1905, mwenye umri wa miaka 89. Baada yake, tangu 1920, pombe ilikatazwa kwa sheria katika Marekani yote. Lakini watu waliiuza kwa siri, na mwaka 1933 katazo lile liliondolewa. Sheria peke yake haikuweza kuushika moyo wa mtu.

Basi sisi twajifunza nini? Huko Hillsboro wauzaji walikuwa wanaume wenye maduka. Kwetu mara nyingi muuzaji ni mwanamke mwenzetu, pengine mjane, naye hupika komoni apate ada ya shule na chumvi ya nyumbani. Tukimwendea kwa matusi, tutamfukuza katika kanisa, na chungu chake kitabaki jikoni. Tukimwendea kwa nyimbo tu, naye hana shamba wala mbegu, atatusikiliza leo na kesho atapika tena. Kwa hiyo wanawake wa mtaa na waende pamoja, waombe pamoja naye, kisha wamwulize watoto wake watakula nini. Na jibu lake liwe kazi ya kanisa zima, kwa mbegu, kwa jembe, na kwa fedha ya kikundi.

Nanyi walimu, mtazameni mtoto atumwaye kilabuni na chombo cha ulanzi saa ambayo wenzake wako darasani. Huyo ndiye yatima wa pombe, ingawa wazazi wake wote wawili wa hai. Mwendeeni mzazi wake nyumbani, wala msiende mara moja tu.