Kabla hujamwita mtu mshamba, msikie Mekatilili

Ukishuka Barabara ya Digo ukaingia Marikiti alfajiri, kwanza jihadhari na mkokoteni usikukanyage. Halafu tazama chini. Kuna akina mama wamekaa juu ya magunia, mbele yao mafungu ya mchicha, mnavu, mtsunga, muhogo na nazi. Wengi wameamka saa tisa za usiku huko Kaloleni na Kilifi ili wewe ukiamka saa tatu upate mboga. Na bado utamsikia barobaro mwenye spika masikioni akilikanyaga fungu, akageuka akamwita mama wa watu mshamba.

Usinione najifanya mtakatifu. Neno hilo nami nimelitumia sana. Mpaka nilipoacha chuo katikati kwa kukosa karo, nikawa naranda hapo sokoni kutafuta kibarua, na mama mmoja akawa ananipa mboga kwa mkopo bila kuniuliza nitalipa lini. Hapo ndipo nikaanza kujiuliza hawa washamba ni watu gani hasa. Jibu likanipeleka kwa mwanamke aliyekufa mwaka 1924. Sanamu yake ukienda Malindi utaiona. Jina lake unalijua tangu shule ya msingi, lakini pengine hujui kwamba kabla ya yote alikuwa mkulima.

Alizaliwa karne ya 19 huko Bamba, ndani kabisa ya Ugiriama, akaitwa Mnyazi wa Menza. Mtoto wa kike peke yake kati ya ndugu wa kiume. Inasimuliwa kwamba kaka yake mmoja, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa asionekane tena. Shika hilo akilini, manake tutalirudia.

Aliolewa, akazaa. Kifungua mimba wake aliitwa Katilili, na kwa desturi ya kwao mama huchukua jina la mtoto. Ndipo Mnyazi akawa Mekatilili, yaani mama Katilili. Kwa hiyo hata jina tunalomsifu nalo leo ni jina la mzazi. Mume alipofariki akabaki mjane, mtu mzima mwenye watoto na shamba.

Sasa skiza hii ya shamba, ndiyo yenyewe. Wagiriama wa wakati ule hawakuwa watu wa kuhurumiwa. Walikuwa wamevuka Mto Sabaki wakalima ng'ambo ya kaskazini, ardhi nzuri yenye rutuba. Mahindi yalikuwa yanawazidi, wanayauza kwa wafanyabiashara wa pwani, mengine yanafika mpaka Mombasa. Walikuwa na mifugo, walikuwa na tembo la mnazi. Mtu mwenye ghala limejaa hana haja ya kuajiriwa na mtu.

Na hapo ndipo shida ilipoanza. Serikali ya Mwingereza ilitaka vijana wa kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya wazungu na kwenye ujenzi mjini. Wagiriama hawakutaka, na kwa nini wangetaka? Wana chakula chao, wana ardhi yao. Dawa ya serikali ikawa ni kuwabana: kodi ya nyumba, viongozi wa kuteuliwa na ofisi, na amri ya kuhama kutoka kaskazini ya Sabaki. Ukimnyang'anya mtu shamba, atakuja mwenyewe kuomba kazi. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi hivyo.

Mwaka 1912 akaletwa afisa kijana, Arthur Champion, kuisimamia kazi hiyo. Akawa anadai kodi na anadai vijana.

Mrudie sasa yule Mwarandu. Mama ambaye aliona kaka akichukuliwa asirudi, anaambiwa atoe wanawe waende kazi ya mbali. Kwake hili halikuwa jambo geni hata kidogo. Wenye kuchukua walikuwa wamebadilika tu.

Mekatilili hakuwa na cheo. Wazee wa kaya walikuwa wanaume, na mwanamke kusimama kuhutubia halikuwa jambo la kawaida. Akatumia alichokuwa nacho. Alianza kuzunguka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Kilio kikipigwa Mgiriama hawezi kukaa nyumbani, kwa hiyo watu walimfuata. Wakishajaa, ndipo anawaambia la moyoni: vijana wasitolewe, kodi isilipwe, ardhi isiachwe. Mwenzake katika kazi hii alikuwa mzee Wanje wa Mwadorikola.

Mwaka 1913 watu wakakusanyika Kaya Fungo, msitu mtakatifu ulioko upande wa Kaloleni. Wakala viapo: wanawake mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi. Atakayeshirikiana na serikali kiapo kitamla. Utawala ukakwama. Champion akiita watu, haji mtu.

Kuna kisa ambacho kila bibi wa Kigiriama anacho. Inasimuliwa kwamba kwenye mkutano mmoja Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Champion ajaribu kuchukua kimoja. Mzungu aliponyosha mkono, kuku akamdonoa. Mama akamweleza kwamba ndivyo itakavyokuwa akigusa watoto wa Wagiriama. Wengine husimulia kwamba alimzaba na kofi. Mimi hicho cha kuku kinanitosha. Angalia mfano aliochagua: hakutafuta simba wala chui. Alichukua kuku wa uani kwake, kitu ambacho mkulima anakiona kila asubuhi.

Oktoba 1913 akakamatwa pamoja na Wanje, wakapelekwa uhamishoni magharibi ya nchi, Kisii. Mwezi wa Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwao. Toka Kisii mpaka Ugiriama ni kama kilomita 700 hivi. Wewe na mimi tukikosa tuktuk ya kutoka Marikiti mpaka Feri tunanuna. Huyu mama, wala si kijana, alikatiza nchi nzima kwa sababu nyumbani kuna shamba na watoto.

Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikazuka. Wagiriama wakapigana kwa pinde na mishale, wenzao wana bunduki. Watu wengi wakauawa, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa, na waliokuwa ng'ambo ya Sabaki wakafukuzwa. Mekatilili na Wanje wakakamatwa tena, wakapelekwa mbali.

Ukiishia hapo utasema alishindwa. Lakini miaka michache baadaye watu waliruhusiwa kurudi ng'ambo ya Sabaki. Mwaka 1919 Mekatilili naye akarudi kwao, akaishi kati ya watu wake akiwaongoza wanawake, mpaka alipofariki 1924. Amezikwa Bungale, upande wa Magarini. Hakufia gerezani wala ugenini. Alifia kwao, mama mzee, udongo aliougombania ndio uliomfunika.

Siku hizi mambo ni mazuri. Misitu ya kaya iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Mwaka 2020 Google walimchora kwenye ukurasa wao. Tukasambaza picha, tukaweka mioyo, tukajisifu kwamba ni wetu. Kesho yake tukaenda sokoni tukamwita mjukuu wake mshamba.

Jambo moja nikuache nalo. Hii Marikiti ilikuwa ikiitwa soko la Mackinnon, jina la William Mackinnon, mwenye ile kampuni ya Kiingereza iliyoitangulia serikali ya kikoloni hapa pwani. Jina lake limefutika midomoni mwetu. Waliobaki ni akina mama wanaoleta mahindi na muhogo, kama walivyoleta mabibi zao. Na wengi wao mpaka leo wanalima ardhi ambayo hawana hati yake, wanalala hawajui kesho nani atakuja na karatasi.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anamwita mwenzake mshamba, mwambie ukweli: mwenye shamba ndiye aliyeweza kumkatalia Mwingereza. Sisi wa mjini tusio hata na mche wa mchicha tungemkatalia kwa nini?

Na ukipita Marikiti kesho, usimpunguzie mama bei ya fungu la shilingi kumi. Mwamkie kwanza. Yule wa kwangu bado namdai shukrani, na deni lake la mboga sijamaliza.