Joginder Singh

Joginder Singh Bhachu (Kericho, Kenya, 9 Februari 1932 – London, Uingereza, 20 Oktoba 2013) alikuwa dereva wa mbio za magari kutoka nchini Kenya. Alishinda mbio za Safari Rally katika miaka ya 1965, 1974 na 1976, akawa mtu wa kwanza kuzishinda mara tatu. Mashabiki wa Kenya walimwita Simba wa Kenya, na katika magazeti ya Kiingereza alijulikana kama Kalasinga Arukaye. Wapenzi wa magari ya zamani humkumbuka zaidi kwa gari moja dogo, Volvo PV544, ambalo kiwanda chake kilikuwa karibu kuacha kulitengeneza aliposhinda nalo.

Maisha ya awali

Wazazi wake walikuwa Masingasinga wenye asili ya Punjab. Kericho alikozaliwa ni mji wa mashamba ya chai katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Mvua hunyesha huko karibu mwaka mzima, na hali yake ya hewa haiko mbali na ile ya Tukuyu na wilaya nzima ya Rungwe nchini Tanzania. Mtu aliyejifunza kuendesha katika mji wa namna hiyo kabla ya siku za lami alijifunza pia kusukuma gari, kulinasua topeni na kushuka mlima wenye utelezi bila kukanyaga breki ovyo.

Baba yake alikuwa na gereji, na Joginder alianza kazi humo kama fundi. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kufanya doria barabarani, kazi iliyomtaka kuwasaidia wasafiri walioharibikiwa na magari njiani. Ufundi huo ndio uliomtofautisha na madereva wengi wenye mbio kuliko yeye. Aliweza kusikia kasoro ya gari mapema, na aliweza kuitengeneza mwenyewe.

Mbio za Safari

Mbio hizi zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa umbali wa maelfu ya kilomita, na baadaye zikawa zinafanyika kila Pasaka, msimu wa mvua za masika. Barabara hazikufungwa: washindani walikutana na malori, mifugo na wanyamapori. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu.

Kwa sababu hiyo magari madogo yenye umbo imara yalipata sifa kubwa Afrika Mashariki. Volkswagen yenye mgongo wa mviringo ilishinda mara kadhaa katika miaka ya 1950, na tena mwaka 1962. Mnunuzi wa kawaida, awe mwalimu, karani au mkulima, aliyaona matokeo ya Pasaka kuwa ushahidi kuliko tangazo lolote la biashara. Ni vigumu kuelewa mapenzi ya watu kwa magari ya wakati ule bila kukumbuka jambo hili.

Joginder alishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Hadi alipoacha mwaka 1980 alikuwa ameshiriki mara 22 na kumaliza mara 19.

Volvo PV544 na ushindi wa 1965

PV544 lilikuwa gari la Uswidi la milango miwili, lenye mgongo wa mviringo, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1958 kwa kuendeleza gari la PV444 la miaka ya 1940. Mwaka 1959 lilikuwa kati ya magari ya kwanza duniani kuuzwa yakiwa na mkanda wa usalama wa pointi tatu, uliobuniwa na mhandisi Nils Bohlin. Madereva wa Uswidi Gunnar Andersson na Tom Trana walilitumia kupata ubingwa wa Ulaya katika miaka ya 1963 na 1964.

Kwenye Safari, hata hivyo, Volvo haikufua dafu. Mwaka 1964 kiwanda kilileta timu yake, ikashindwa, na magari yakabaki Kenya. Mojawapo ya magari hayo yaliyokwisha chakaa kwa mbio ndilo alilolichukua Joginder, akalirekebisha na kuingia nalo mwaka 1965, dereva mwenza akiwa mdogo wake Jaswant. Walipangiwa kuondoka wa kwanza, na hiyo ilikuwa bahati, kwa kuwa hawakula vumbi la mtu. Lakini bahati hailingani na siku kadhaa za matope. Ndugu hao wawili walimaliza wakiwa mbele kwa zaidi ya saa moja.

Kenya ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na miezi michache. Madereva wa Kizungu walioishi Kenya walikuwa wamekwisha kushinda mara nyingi, lakini dereva wa asili ya Kiasia alikuwa hajashinda. Swali la kama Waasia walikuwa wenyeji kamili lilikuwa likiulizwa wazi, na miaka michache baadaye maelfu yao waliondoka kwenda Uingereza. Mashabiki waliojipanga kando ya barabara walikuwa na jibu lao kuhusu mtu huyu mmoja: walimpa jina la simba, wakaambatanisha na jina la nchi.

Uzalishaji wa PV544 ulikoma Oktoba mwaka huohuo.

Ushindi wa 1974 na 1976

Madereva kutoka nje ya Afrika Mashariki hawakuweza kushinda Safari hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Ufini alipotangulia na Ford Escort. Baada ya hapo viwanda vikubwa vilikuja na fedha nyingi zaidi. Mwaka 1974 Joginder aliingia na Mitsubishi Lancer ya injini ya lita 1.6 pamoja na David Doig, akamshinda Björn Waldegård wa Uswidi aliyeendesha Porsche 911. Mwaka 1976 wawili hao walirudia ushindi, na Lancer zilichukua nafasi zote tatu za kwanza. Jina la Mitsubishi katika mbio za magari lilijengwa kwa sehemu kubwa na matokeo hayo.

Baada ya mashindano

Joginder alifariki London akiwa na umri wa miaka 81.

Mwaka 2003, miaka 50 tangu Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani, nayo yamekuwa yakipita Kenya na Tanzania. Wenye magari hayo husafirisha vipuri kutoka mbali na hugharamia matengenezo yanayozidi bei ya gari jipya. Miongoni mwa magari yaliyoletwa kupambana tena na vumbi hilo ni Volvo PV544.