Cherry Kearton: Aliyewafuata ndege kwa kamera badala ya bunduki

Mwishoni mwa karne ya 19, Mwingereza aliyetaka kumtambua ndege kwa uhakika mara nyingi alimpiga risasi kwanza, au alichukua mayai yake. Cherry Kearton alisaidia kuibadili desturi hiyo.

Alizaliwa mwaka 1871 katika kijiji cha Thwaite, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Yeye na kaka yake Richard walifanya kazi katika kampuni ya vitabu ya Cassell, London, na picha walizipiga wakati wa mapumziko. Mwaka 1892 Cherry alipiga picha ya kiota chenye mayai. Miaka mitatu baadaye kilitoka kitabu chao kuhusu viota vya ndege wa Uingereza, maelezo ya Richard, picha za Cherry. Sasa msomaji aliweza kulinganisha alichokiona na picha halisi, bila kugusa kiota.

Kamera za wakati huo zilikuwa nzito, na mpigaji alilazimika kusogea karibu sana. Ndugu hao walibuni maficho mengi. Lililovuma zaidi ni ng'ombe wa bandia, mpiga picha akijibana tumboni mwake.

Baadaye Cherry alifika Kenya, akapiga filamu ya safari ya Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alirudi Afrika Mashariki akiwa mwanajeshi.

Alifariki Septemba 1940, akiwa na umri wa miaka 69, muda mfupi baada ya kuzungumza na watoto kupitia redio ya BBC.