Okot p'Bitek, aliyetaka ngoma itazamwe kabla ya kuhukumiwa

KAMPALA. Nyuma ya Jumba la Maonyesho la Taifa, mwendo mfupi kutoka Bunge la Uganda, kuna vibanda vya vikapu, nguo za magome na ngoma za kuuza. Wafanyabiashara wengi kutoka Kenya, Rwanda na Tanzania wanapafahamu. Ni wachache wanaojua kwamba katikati ya miaka ya 1960 jumba hilo liliongozwa na mwana wa Gulu, Okot p'Bitek, aliyetaka watu wajifunze jambo lililoonekana dogo: kuitazama ngoma vizuri kabla ya kuitolea hukumu.

Okot alizaliwa mwaka 1931. Baba yake, Opii Jebedyo, alikuwa mwalimu. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mtunzi aliyefahamika kwao Acholi. Kijana huyo akakulia katika shule mbili. Ya darasani ilimfikisha King's College Budo, karibu na Kampala. Ya uwanjani ilimpa nyimbo, hadithi na ngoma.

Shule hizo mbili hazikuelewana. Wamisionari wengi waliziona ngoma za wenyeji kuwa aibu. Vifua wazi, mbalamwezi, vijana wa kike na wa kiume uwanja mmoja: wao waliona dhambi, na neno hilo moja likatosha kueleza kila mwendo.

Mwaka 1956 timu ya soka ya Uganda ilizuru Uingereza, Okot akiwa miongoni mwa wachezaji. Alibaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha elimu ya jamii na mila katika Chuo Kikuu cha Oxford. Oxford alikerwa na wahadhiri waliowaita Waafrika washenzi, naye akawapinga. Utafiti wake ukahusu nyimbo za Waacholi na Walango, nyimbo ambazo haziwezi kutenganishwa na ngoma zake.

Katika kazi hiyo, hapakuwa tena na kitu kimoja kiitwacho ngoma ya Waacholi. Kila ngoma ina jina, wakati, wenyewe na mwendo wake. Bwola ni ya mtawala. Wanaume hufanya duara kubwa, kila mmoja akipiga ngoma ndogo aliyoishika, nyayo zote zikikanyaga kwa pamoja, na wanawake hucheza ndani ya duara. Kiongozi peke yake ndiye aliye huru kwenda atakako. Otole ni ya vita, yenye mikuki na ngao. Larakaraka ni ya vijana wanaotafuta wachumba: vibuyu vilivyopasuliwa hupigwa kwa spoku za baiskeli, na shingo na vifua hufuata mlio huo mwepesi. Msiba nao una ngoma yake.

Anayetazama hivyo huanza kujiuliza. Kiungo gani kinafanya kazi, na kipi kimetulia? Mguu unaipiga ardhi au unaigusa tu? Nani anamtazama nani? Kampala yenyewe inatoa mifano. Katika baakisimba ya Waganda, kiuno na miguu huenda mbio huku mabega na kichwa vimetulia. Katika ekitaguriro ya Ankole, mikono huinuliwa kama pembe ndefu za ng'ombe wa huko. Mtu anayetafuta kiuno cha baakisimba ndani ya bwola atasema Waacholi hawajui kucheza. Ni sawa na kupima kitenge kwa kilo na maharage kwa mita.

Mwaka 1966 shirika la uchapishaji la East African Publishing House la Nairobi lilitoa utenzi wake, Song of Lawino. Lawino ni mke wa kijijini anayemlalamikia mumewe, Ocol, msomi aliyezipa kisogo mila za kwao. Sehemu nzima ya utenzi inahusu ngoma. Lawino anaeleza kwamba uwanjani kila kitu kiko wazi: nguvu, afya, haya na ujuzi vinaonekana na wote. Kisha anaigeukia dansi ya kizungu ya wawili wawili, anayoiona imejaa moshi, giza na kukumbatiana. Hapo Okot hamwonei huruma hata Lawino wake. Mwanamke huyu anaidharau ngoma ya wageni kama wageni walivyodharau yake, na msomaji aliyekuwa akicheka naye anaanza kujitazama.

Wakati huo Okot alikuwa ameshaanzisha tamasha la sanaa Gulu. Alipopewa kuongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda na jumba lake la Kampala, lililofunguliwa mwaka 1959, alifungua mlango kwa wachezaji wa vijijini. Haikuwa kazi rahisi. Duara la bwola halina mbele wala nyuma, na uwanjani watu hulizunguka. Jukwaa la ukumbini lina watazamaji upande mmoja tu. Ngoma ikipandishwa pale, nusu ya wachezaji huwapa watu mgongo.

Hakukaa muda mrefu. Baada ya safari ya Zambia aliondolewa kazini, akavuka mpaka kuingia Kenya. Mwaka 1968 alianzisha tamasha lingine, Kisumu. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika miaka ya Idi Amin aliendelea kuishi ugenini. Yale ambayo Kampala iliyakosa, Kisumu na Nairobi ziliyapata bila kutoza ushuru.

Alirejea Makerere baada ya Amin kuanguka, na mwaka 1982 akafanywa profesa wa kwanza wa uandishi wa kubuni chuoni hapo. Miezi michache baadaye, Julai mwaka huohuo, alifariki dunia mjini Kampala akiwa na umri wa miaka 51.

Miaka miwili baada ya kifo chake lilianzishwa kundi la Ndere, ambalo ukumbi wake uko Ntinda. Hapo bwola, baakisimba na ekitaguriro huchezwa usiku mmoja. Mfanyabiashara anayelala Kampala akisubiri mzigo anaweza kwenda kujionea. Aanze kwa kutazama miguu.