Adrian Atiman, Tabibu na Katekista wa Karema



Sisi tunaosali katika parokia za Arusha, chini ya Mlima Meru, tunaujua utaratibu wa jumuiya zetu. Mmoja akiugua, wenzake hupita kumjulia hali, husali fungu la rozari, huacha kidogo walichonacho, kisha kila mtu hurudi kwake. Ni jambo la kawaida mno, hata tunasahau kwamba hapo kitandani tumekutana na Kristo. Leo tumkumbuke mlei aliyeishi kwa kazi hiyo karibu miaka 67, mbali na hapa, kandokando ya Ziwa Tanganyika.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akatenganishwa na wazazi wake na kuvushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria, Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, walimkomboa kwa fedha, wakamlea na kumsomesha. Alipokua aliomba ubatizo.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na wazo moja: Waafrika watibiwe na kufundishwa imani na Waafrika wenzao. Kwa hiyo alipeleka vijana waliokombolewa utumwani kusomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Atiman alikuwa mmoja wao. Alipohitimu mwaka 1888 alisafiri hadi Zanzibar, akafuata njia ya misafara kuelekea bara, na mwaka 1889 akafika Karema, katika mkoa wa Katavi wa leo.

Karema wakati huo ilikuwa ngome ya zamani ya Wabelgiji iliyogeuzwa kuwa misheni. Biashara ya utumwa ilikuwa bado inaendelea katika ukanda wa ziwa, na misheni ilipokea watu waliokombolewa, wakiwemo watoto yatima. Tabibu huyu kijana hakuhitaji kuelezwa mateso yao, kwa maana njia waliyopita aliipita naye. Moyo wake ungeweza kujaa uchungu na kisasi. Yeye aliona kwamba huruma aliyotendewa ilikuwa deni, na deni hilo akalilipa kwa wagonjwa.

Alifunga ndoa na Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kichifu wa eneo hilo. Mtoto wao Joseph alipadirishwa mwaka 1923. Waseminari wakumbuke jambo hilo: mwito wa padre huyo ulikulia katika nyumba ambayo baba alikuwa akiitwa usiku kwenda kwa mgonjwa, akaamka na kwenda.

Kazi ya Atiman ilikuwa na pande mbili zisizotenganishwa. Alifunga vidonda, alipasua, alitoa dawa alizosomea, na alijifunza pia dawa za miti za wenyeji. Aliwafundisha watu katekisimu na kuwaandaa wanaokaribia kufa. Alihudumia Wakristo na wasio Wakristo. Utawala wa Wajerumani ulikuja ukapita, vita vikuu viwili vikapita, Waingereza wakashika nchi, naye akabaki Karema. Kanisa na serikali vilimtunuku nishani, lakini kituo chake kilikuwa kilekile. Alifariki tarehe 24 Aprili 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi.

Hatusikii kwamba Atiman alipata maono. Kristo alimjia kwanza katika mtu aliyemnunua ili awe huru, kisha akaendelea kumjia kila siku katika mwenye homa, mwenye kidonda na yatima. Naye hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mume, baba na mfanyakazi.

Ndugu, wiki hii katika kila mtaa wa Arusha yupo mgonjwa aliyetembelewa mara moja tu, siku ya kwanza, kisha akasahaulika. Ugonjwa mrefu huchosha hata marafiki. Tumwombe Mungu neema aliyompa Atiman, neema ya kurudi mara ya pili, na ya tatu, hata pale ambapo hatuna dawa ya kutoa.